Marehemu Alinificha Miguu

Mume wangu Dagoberto hufa kila mwaka, Jumanne ya mwisho ya Kanivali, na mimi ndiye ninayempigia pasi shati la kuzikiwa.

Yeye ndiye Joselito wa mtaa wetu, Barrio Abajo. Joselito ni Kanivali yenyewe. Kanywa, kacheza, katongoza siku zote nne bila kulala, mpaka Jumanne roho ikamtoka. Siku hiyo hakuna mtaa wa mji wetu wa Barranquilla usiotoka na jeneza lake, wajane wakilia na kugaragara barabarani kama wameumwa na siafu, na mwakani anafufuka, tunaanza upya. Mitaa mingine hutumia mdoli wa matambara. Sisi tunaye Dagoberto, mwenye pua na masharubu, na tunaringa naye.

Kazi hiyo aliipata kwa sababu hajui kucheza. Nasema ukweli, simsengenyi. Tulipooana kila mtu alimkimbia kwenye ngoma, maana alikuwa anakanyaga watu wawili kwa hatua moja. Wazee wa mtaa wakakaa wakashauriana, wakasema huyu tumlaze kwenye jeneza asiumize watu. Kumbe wameokota almasi! Jamani, mume wangu anajua kufa. Analegea, anapauka, mdomo unapinda kidogo upande. Mwaka wa kwanza mama yake mzazi alizimia kwenye kibaraza.

Siku nyingine zote za mwaka ni fundi wa feni. Kwa joto la hapa kwetu, fundi wa feni ana heshima kumshinda padri. Anakaa mlangoni kwetu na feni zake zilizofumuliwa, anapuliza vumbi, anaimba vibaya. Ni mpole, anaogopa sindano, na akipewa supu ya samaki anasahau hata jina lake.

Sasa, maiti yetu ina sheria. Haisemi, haicheki, haifumbui macho mpaka tufike kona ya mwisho na kuimwagia ramu. Ikicheka, inawanunulia bia wafiwa wote na mwakani analazwa mtu mwingine. Na kazi ya wajane, pamoja na kulia, ni kuichekesha. Wameshamtia Dagoberto barafu kwapani. Wameshamtambazia kenge tumboni. Wameshamnong'oneza mambo ya jirani ambayo mimi nilicheka nikajikojolea kidogo. Yeye kimya, kama gogo.

Mjane mkuu ni Eliécer, muuza nyama, kilo mia na ushee. Anavaa gauni jeusi la marehemu mama mkwe wake na maboga mawili kifuani, na analia kwa sauti ya ng'ombe. Wajane karibu wote ni wanaume kama yeye. Mimi, mke wa ndoa, wa kanisani kabisa, natembea nyuma huko karibu na ngoma. Nikilalamika, Eliécer ananijibu, "Dada Uba, wewe hulii, unacheka. Mjane gani anacheka tangu nyumbani mpaka kaburini?"

Ni kweli, nilikuwa nacheka tu. Ningeanza kulia nisingenyamaza tena. Baba yangu alikufa kwa moyo, na kabla ya moyo ilitangulia miguu. Ilivimba mpaka mama akamkata viatu pembeni kwa wembe ili viingie. Mimi nilikuwa mdogo, ndiye niliyemwosha miguu kwenye beseni, nikimbonyeza kidole kinazama, nikikitoa shimo linabaki palepale. Nilikuwa naona ni mchezo. Halafu akaanza kulala amekaa, halafu hakuamka.

Tangu hapo nawatazama watu miguu. Kanisani, sokoni, kwenye foleni ya gesi. Watu husema Ubaldina ni mnyenyekevu, daima macho chini. Mnyenyekevu wapi! Nakagua vifundo. Na Dagoberto nilikuwa namkagua kila asubuhi anapovaa ndala, bila yeye kujua.

Au nilidhani hajui. Mwaka ule, Krismasi ilipopita, mzee wangu akaanza kuvaa soksi. Soksi! Barranquilla! Hapa hata paka wanatafuta sakafu yenye kivuli. Nikamuuliza, "Wewe, soksi za nini?"

"Mbu," akasema.

"Mbu wa miguu tu?"

"Wananipenda miguu."

Nikakubali, mjinga mimi. Baadaye akaanza kuoga kabla sijaamka, na kucha za miguu, ambazo nimemkata tangu tuoane, akasema atajikata mwenyewe. Basi nikajua ana mwanamke. Nikachunguza mashati, nikanusa kola, nikamtazama kwa jicho baya mjane mmoja wa kweli aliyeleta feni mara mbili kwa wiki. Namuomba radhi mama wa watu, feni yake ilikuwa mbovu kweli.

Ikafika Jumanne. Nikampigia pasi shati, nikampaka poda usoni, akajilaza kwenye jeneza lake la zambarau, na soksi nyeupe miguuni. Wanne wakambeba. Jua limewaka, ngoma zinalia, zumari linawika, unga mweupe unarushwa hewani, Eliécer anajipiga maboga na kuuliza mbingu nani atamlipia kodi. Nilikuwa na furaha mpaka kichwa chepesi. Nikasema moyoni, mwaka huu maiti hii itacheka, nami nitakunywa bia yake.

Nikasukuma wajane, nikafika miguuni. Nyayo ndizo udhaifu wake. Hiyo siri ni ya mke peke yake. Nikaivua soksi moja mbele za watu, nikaizungusha hewani, watu wakapiga vigelegele. Nikainama nimtekenye.

Nikaona alama ya mpira wa soksi. Ilikuwa imezama kwenye nyama, mfereji mzima umezunguka mguu. Nikajiambia soksi inabana. Mkono wangu lakini haukuniuliza. Ulikwenda wenyewe kwenye kifundo, ukabonyeza. Nikatoa kidole. Shimo likabaki, kama umebonyeza donge la unga wa arepa, mikate yetu ya mahindi.

Nikaivua soksi ya pili. Nikabonyeza. Shimo.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilipiga ukelele mpaka zumari likanyamaza. Nikajitupa juu ya jeneza, kifua kwa kifua, nikalia, "Dagoberto! Baba wee! Usinifanyie hivi!"

Watu wakaripuka kwa makofi. Mama mmoja kwenye roshani akapaza sauti, "Huyo ndiye mjane! Wengine wote rudini nyumbani!" Mtu akanirushia ua. Eliécer akanisogelea, ananong'ona kwa hasira chini ya shela, "Uba, punguza, unanifunika."

"Anaumwa! Jamani, huyu anaumwa kweli!"

"Eeeh! Mwaga, mama, mwaga!" umati ukajibu.

Nikamgeukia marehemu. "Dagoberto, unanisikia?"

Kimya. Amepauka, mdomo umepinda upande, sanaa tupu.

"Nakuuliza wewe! Ulikuwa unajua habari ya miguu hii?"

Kimya. Sheria ni sheria.

"Haya usiseme. Kama ulijua, tingisha kidole gumba cha mguu."

Nikakaa nikikitazama kile kidole. Umati wote nao ukakitazama, hata watoto waliopandishwa mabegani. Kidole gumba kikatingishika, mara moja, taratibu, kwa aibu.

"Tangu Krismasi?"

Kikatingishika.

"Mbu, eeh? Mbu!" Nikachukua shada la maua ya karatasi nikaanza kumchapa nalo. "Mbu! Mbu! Mwongo mkubwa wewe! Nimemchukia mama wa watu bure!"

Watu walicheka wakakaa chini barabarani. Na mimi, Mungu anisamehe, huku nalia nilianza kucheka kidogo, maana maiti ilikuwa inachapwa na haiachi kufa.

Aliyenielewa ni Eliécer. Alikuja kunivuta, akaona nilichokuwa namwonyesha. Akatoa kidole chake, kinene kama soseji anazouza, akabonyeza kifundo, akasubiri. Amebonyeza nyama maisha yake yote, huyo. Akalitazama shimo, akanitazama mimi, na wanja wake ukaanza kumchuruzika bila kuulazimisha.

"Hospitali," akasema. Halafu akainua gauni mpaka magotini, akapiga kelele kwa wabebaji, "Geuzeni maiti! Kimbieni!"

Wakageuza, wakakimbia. Wapiga ngoma wakadhani ni mtindo mpya, wakatufuata wakiharakisha mapigo. Umati nao ukafuata, unacheza mchakamchaka. Nimeshikilia ukingo wa jeneza, kiatu kimoja kimebaki nyuma, nasali na kutukana kwa pumzi moja. Kwenye njia panda tukagongana na Joselito wa mtaa wa pili, mdoli wa matambara, na wajane wake hawataki kutupisha.

"Pisheni! Wetu anakufa kweli!" Eliécer akanguruma.

"Hata wetu!" wakajibu.

Wakaanza kusukumana, mashela yanararuka, boga moja la Eliécer likaanguka likapasuka. Mdoli wao ukatua ndani ya jeneza letu, juu ya mume wangu. Hatukuwa na muda wa kuutoa. Tukaingia lango la hospitali na marehemu wawili.

Mlinzi hata hakusimama. "Hawa ni wa tatu na wa nne leo," akasema. "Jeneza libaki nje."

Tukamshusha. Bado alikuwa amefumba macho, amelegea kabisa, tukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu akaporomoka kama nguo. Dada wa mapokezi akauliza, "Jina la mgonjwa?" Kimya. "Mgonjwa anaweza kusema?"

"Anaweza, hataki," nikasema. "Dagoberto, fumbua macho kabla sijakufumbua mimi."

Hakufumbua. Ilibidi Eliécer asimame mbele yake, boga moja kifuani, akaweka mkono juu ya paji lake. "Kwa niaba ya mtaa wote," akasema, "marehemu, nakuruhusu. Hakuna bia."

Mume wangu akafumbua jicho moja. "Maji," akasema.

Daktari alikuwa binti mdogo, Yuranis, vumbi la pambo la jana bado linameremeta kwenye kope. Alimtazama mtu mwenye poda, akanitazama mimi na shela yangu, akauma mdomo wa chini asicheke, kisha akawa daktari. Akabonyeza miguu yote miwili kwa zamu. Akauliza kama mmoja unauma au umevimba zaidi. Hapana, ni sawasawa. Akasikiliza kifua, mbele na mgongoni.

"Baba, ukilala chali unakosa pumzi?"

"Leo nimelala chali tangu asubuhi. Juu ya ubao. Jua la uso."

"Mito mingapi?"

"Maiti haipewi mto, binti yangu."

"Na hukukosa pumzi hata mara moja?"

"Mara moja. Mke wangu aliponilalia kifuani."

Hapo daktari alicheka. Akauliza anatumia dawa gani. Mume wangu akasema ya presha, na kwamba kabla ya Krismasi waliongeza kipimo. Mimi sikujua hata hilo la kuongeza. Daktari akaitikia kwa kichwa, akasema kuna dawa za presha zinazovimbisha miguu ya watu, lakini hatasema lolote mpaka aupime moyo. Wakamfunga waya kifuani, wakamtoa damu, yeye na ile sindano wakatazamana kama maadui, kisha wakampeleka kupigwa picha ya moyo. Halafu wakatuweka kwenye benchi kusubiri majibu.

Nje ngoma zilikuwa zinaendelea. Eliécer alikuwa amekaa juu ya jeneza tupu karibu na lango, analia kweli, na wapita njia wanampongeza.

Nikamwuliza mume wangu, "Kwa nini?"

Akatazama miguu yake. "Uliponisimulia habari ya baba yako, sijui miaka mingapi iliyopita, nilikuona uso. Nikajua siku ukiiona miguu yangu hivi, utakuwa umeshanizika. Nikasema, basi nipate kwanza Kanivali moja zaidi. Kama ni ya mwisho, niifie vizuri."

"Mpumbavu wewe."

"Ndiyo."

"Ungekufa usingizini na mimi niko pembeni, nawaza mwanamke wa feni!"

"Mwanamke gani wa feni?"

"Usibadilishe mazungumzo."

Akanishika mkono. Poda ilikuwa imemtoka kwa jasho, mashavu yana michirizi. "Uba, unajua kwa nini mimi sijawahi kucheka kwenye lile jeneza?"

"Kwa sababu una kipaji, wanasema."

"Kipaji gani. Nimefumba macho mle ndani, giza, joto, nasikia watu wote wananililia. Ukikaa muda mrefu hivyo unaanza kuamini. Naogopa, nakwambia. Basi nakutafuta wewe. Nasikiliza mpaka nasikia kicheko chako huko nyuma karibu na ngoma. Nikikisikia najua bado nipo, nalegea, nakufa vizuri. Leo nikakusikia unalia. Nikasema, ndiyo basi, nimekwisha."

Nilimlalia begani nikalowesha shati lile nililopiga pasi.

Daktari Yuranis akarudi na karatasi zake. Akasema moyo unapiga vizuri na una nguvu. Umenenepa kidogo upande mmoja kwa sababu ya presha ya muda mrefu, na hilo litafuatiliwa, si la kupuuzwa. Figo ziko sawa. Miguu, anavyoona, imevimbishwa na ile dawa, ukichanganya na siku nne za kusimama na jibini ya chumvi. Atambadilishia dawa. Akatunyooshea kidole: dawa asiiache mwenyewe, chumvi ipungue, na miguu ikivimba tena, au upande mmoja tu, au pumzi ikimsumbua, aje siku hiyohiyo. "Na asivae soksi za kuficha," akamalizia. "Mlifanya vizuri kuja, hata kwa jeneza."

"Kwa hiyo hafi?" nikauliza.

"Leo hafi, mama."

Basi nikacheka. Nilianza kidogo, halafu ikanishinda, nikacheka mpaka shela ikaanguka, mpaka wagonjwa wa benchi la pili wakaanza kucheka bila kujua sababu. Dagoberto alikuwa amefumba macho ananisikiliza. Eliécer akaingia mbio akidhani nimechanganyikiwa, akaambiwa habari, akamkumbatia marehemu na boga lililobaki likapasukia kati yao.

Na hapo, mbele ya daktari, mlinzi na nusu ya mtaa iliyokuwa imejazana mlangoni, mume wangu akacheka. Kwa sauti, meno nje, mbegu za boga kwenye masharubu. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka na ile poda usoni. Ukazuka ubishi mkubwa kama hiyo inahesabika, na kama anadaiwa bia. Eliécer akaamua haihesabiki, kwa sababu jeneza lilibaki nje.

Miguu ilinywea polepole, soksi nikazichoma. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, ananiletea miguu yake kitandani kama mtoto, nami nabonyeza, huku na huku. Presha bado ipo, tunahangaika nayo, na jibini anaiba.

Mwaka uliofuata mtaa uliongeza sheria: maiti inatoka peku, na wajane wote wanaikagua vifundo kabla haijainuliwa. Nyama ilirudi juu mara moja kila walipobonyeza. Ila watu wakaanza kukaguana wenyewe kwa wenyewe palepale barabarani, na kidole changu kikaacha shimo kwenye mguu wa mjane mkuu. Tukampeleka Eliécer kwa Yuranis na gauni lake, anapiga kelele njia nzima kwamba huo ni unene tu. Haukuwa unene tu. Sasa anakunywa dawa, anauza nyama na haionji chumvi, na analia vizuri kuliko zamani.

Siku ile, tulipokwisha kumwacha hospitali, jeneza likainuliwa bila yeye. Wakaniita mimi nitembee mbele, mahali pa mjane mkuu, na nilipofika kwenye ile njia panda nikashindwa kucheka wala kulia. Ngoma zilikuwa zinapiga, unga unarushwa, na yeye amelala pale, amepauka, mdomo umepinda upande. Nikainama miguuni.

"Dagoberto," nikanong'ona. "Upo?"

Kidole gumba kikatingishika. Nikacheka mpaka kona ya mwisho.